Ujumbe wa chama cha madaktari unamfikiaje daktari wa Muleba, na wewe unakuhusu nini?

Mkulima wa kahawa wa Kamachumu akitaka kujua bei ya mnada, anamuuliza katibu wa chama cha msingi. Katibu akiwa hana jibu, anapiga simu chama kikuu. Bei ikichelewa kumfikia mkulima, walanguzi wanamuwahi. Ndiyo maana wanachama wa ushirika hupiga kelele mkutanoni wanaponyimwa taarifa. Wanajua kuwa ukimya una gharama.

Madaktari nao wana chama chao. Kinaitwa Chama cha Madaktari Tanzania, kwa kifupi MAT, na kimekuwapo tangu mwaka 1965. Makao yake yako Dar es Salaam, wakati wanachama wake wametawanyika nchi nzima, wakiwemo walio katika hospitali za mkoa wetu wa Kagera. Je, jambo linalozungumzwa Dar es Salaam linamfikiaje daktari aliye Rubya, Ndolage au Izimbya? Na jambo analoliona daktari huyo wodini linafikaje juu?

Unaweza kusema hayo ni mambo ya madaktari wenyewe. Lakini fikiria njia hiyo inaishia wapi. Mwisho wake yuko mgonjwa aliyelala kitandani, na huyo anaweza kuwa wewe, mama yako au mtoto wako.

Kwanza, nani ni nani?

Watu wengi huchanganya vyombo vinavyowasimamia na kuwaunganisha madaktari. Tuvitofautishe.

MAT ni chama cha hiari. Daktari anajiunga mwenyewe na kulipa ada. Chama kinashughulika na heshima ya taaluma, elimu ya kujiendeleza na maslahi ya madaktari. Kina mkutano mkuu na kongamano la kitaalamu, na kina jarida lake la kisayansi, Tanzania Medical Journal.

Baraza la Madaktari Tanganyika ni kitu kingine. Hicho ni chombo cha kisheria, na siku hizi kinafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza ndilo linalomsajili daktari, kumpa leseni na kusikiliza malalamiko dhidi yake. Daktari anaweza kutokuwa mwanachama wa MAT na akaendelea na kazi, lakini bila Baraza hawezi kutibu.

Kisha kuna serikali, ambayo ndiyo mwajiri wa wengi. Maelekezo ya kazi na matangazo rasmi ya magonjwa hutoka Wizara ya Afya, yakapita kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, yakafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kutoka hapo yakaenda vituoni. Tena kuna chama cha wafanyakazi, TUGHE. Madaktari wanawake wana MEWATA, iliyoanzishwa mwaka 1987. Wauguzi nao wana chama chao na baraza lao.

Kwa hiyo daktari mmoja anaweza kupokea ujumbe kutoka sehemu nne au tano kwa siku moja. Upi wa kusoma kwanza? Upi ni amri na upi ni ushauri? Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa vijijini tunalijua vizuri. Kila aliyevaa koti jeupe tunamwita "dokta". Kumbe kwenye zahanati nyingi anayetupokea ni tabibu au muuguzi, na huyo si mwanachama wa MAT. Ujumbe wa chama cha madaktari utamfikia tu kama daktari wa kituo cha afya au wa hospitali ya wilaya ataupitisha.

Kagera ina sababu zake

Hakuna mkoa wenye haki ya kulijali jambo hili kuliko wetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka hapa Kagera, na Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba ndiyo inayotajwa katika historia hiyo. Wazee wanakumbuka ugonjwa huo ukiitwa "Juliana". Madaktari wa wakati ule waliona watu wakikonda na kufa bila kuitika dawa. Simu za mkononi hazikuwapo. Daktari aliyetaka kumuuliza mwenzake kama naye ameona kitu kama hicho alitegemea barua, safari, au redio ya mawasiliano pale ilipokuwapo.

Miaka 40 baadaye mkoa ukajaribiwa tena. Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu waliugua homa, wakatapika, wakaharisha na wengine kutokwa na damu. Tarehe 16 Machi serikali ilitangaza kuwa kuna ugonjwa ambao bado haujajulikana. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautaja kwa jina: Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao wamefariki. Wahudumu wa afya wawili waliambukizwa wakiwahudumia wagonjwa, na mmoja wao alifariki.

Tazama jinsi ugonjwa ule ulivyosafiri. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria, kisha akaugua baada ya kufika kijijini kwake. Goziba iko wilaya ya Muleba, Maruku iko Bukoba Vijijini. Ugonjwa ulipita ziwani bila kuuliza mpaka wa wilaya. Dalili zake za mwanzo zinafanana na za malaria na homa ya matumbo, magonjwa tunayoyaona kila siku. Mhudumu ambaye hajapata tahadhari atamshika mgonjwa kama anavyowashika wengine wote.

Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Januari WHO ilisema inashuku kuna mlipuko Kagera. Siku hizo hizo wizara ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, akatangaza kuwa Marburg imethibitishwa. Watu 10 walihesabiwa, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Majibu ya maabara yanaweza kubadilika kadiri sampuli zinavyoongezeka, na hilo si kosa la mtu. Lakini jiweke mahali pa daktari wa wilaya aliyesikia habari mbili tofauti ndani ya wiki moja. Avae vifaa vyote vya kujikinga, au aendelee kama kawaida? Tangazo la ugonjwa ni kazi ya serikali, chama hakina mamlaka hayo. Lakini chama kinaweza kumwambia mwanachama wake jambo rahisi: "Majibu bado hayajakamilika. Hadi yakamilike, mchukulie kila mwenye homa na kutokwa damu kama mgonjwa wa kuambukiza. Una swali? Piga namba hii." Maneno hayo hayapingani na wizara, na yanaweza kuokoa maisha ya muuguzi wa zamu ya usiku.

Ujumbe unapotelea wapi?

Sehemu ya kwanza ni orodha ya wanachama. Daktari aliyesajiliwa akiwa Mwanza amehamishiwa Muleba. Laini aliyoandikisha hakai nayo tena, na barua pepe aliyoitumia chuoni haifungui. Chama kinadhani kimemtumia, naye anadhani chama kimemsahau. Wote wawili wanasema kweli.

Ya pili ni namna ujumbe unavyoandikwa. Waraka wa kurasa 12 kwa Kiingereza unaweza kuwa mzuri ofisini, penye intaneti ya uhakika. Kwa aliye Bumbire au Ikuza, mtandao ukikatika kila upepo unapobadilika, faili hilo halifunguki. Hata likifunguka limekula bando, na jambo lenyewe la kufanya limejificha ukurasa wa tisa.

Ya tatu ni makundi ya WhatsApp. Makundi haya yamesaidia sana, hilo lisemwe. Lakini tangazo la hatari linaingia saa nne asubuhi, na kufika saa sita limefunikwa na salamu, rambirambi, michango ya harusi na mabishano ya Simba na Yanga. Anayetoka chumba cha upasuaji jioni hawezi kurudi nyuma kusoma meseji 300. Humo humo uvumi nao hupita ukiwa umevaa nguo za taarifa rasmi.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: njia ya upande mmoja. Ujumbe unashuka, swali halipandi. Daktari wa kituo cha afya anaona watoto watatu wenye upele asioufahamu. Anaona glovu zimekwisha. Anaona posho ya kuitwa usiku haijalipwa. Akiandika, hapati jibu, na baada ya mara mbili anaacha kuandika. Chama kinachotuma bila kupokea bado hakijawasiliana na mtu.

Gharama ya kutosikilizana

Taifa liliwahi kuona mambo yanavyokuwa pande zisiposikilizana. Januari 2012 ulianza mgomo wa madaktari, chanzo kikiwa madai ya madaktari waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikutana na madaktari Muhimbili na kazi ikarejea, lakini Juni mgomo ukaanza tena. Katika kipindi hicho sauti iliyosikika zaidi upande wa madaktari ilikuwa ya Jumuiya ya Madaktari, iliyoongozwa na Dk. Steven Ulimboka, huku MAT nayo ikiwapo kama chama kilichosajiliwa. Mwishoni mwa Juni Dk. Ulimboka alitekwa na kupatikana akiwa ameumizwa vibaya katika msitu wa Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam.

Hapa hatuamui nani alikuwa na haki. Tunachojifunza ni kuhusu njia. Madai yanapokaa muda mrefu chini bila kupanda, hulipuka. Yakilipuka, hata anayetaka kuzungumza hajui azungumze na nani. Waliolala wodini hawakuwa na upande wowote, lakini nao walilipa.

Kuna njia zilizowahi kufanya kazi

Jambo hili halianzi leo. AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilijenga mtandao wa redio za mawasiliano uliounganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki. Daktari wa misheni aliye peke yake porini aliweza kumwita mwenzake hewani, akaeleza hali ya mgonjwa na kupata ushauri. Nguvu ya redio zile ilikuwa katika kujibiwa.

Mwaka 2008 nchini Ghana, Chama cha Madaktari cha nchi hiyo kilishirikiana na kampuni ya simu kuwapa madaktari laini za kupigiana na kutumiana meseji bure wao kwa wao. Daktari wa kijijini hakulazimika tena kuhesabu salio kabla ya kumuuliza bingwa wa mjini. Chama nacho kikapata orodha hai ya namba za wanachama, na kikaweza kuwatumia wote ujumbe kwa mara moja. Baadaye mpango wa namna hiyo uliletwa Tanzania, ukihusisha Wizara ya Afya na kampuni ya Vodacom.

Katika mifano yote miwili utaona mambo mawili: haikumgharimu daktari fedha yake, na mazungumzo yalikwenda pande zote mbili.

Nini kiboreshwe?

Kwa kuangalia hali ya Bukoba na Muleba, haya yanawezekana bila kusubiri fedha nyingi.

Moja, orodha ihuishwe kila mwaka. Daktari anapohuisha uanachama wake athibitishe namba yake, kituo chake cha kazi na namba ya pili ya kumpata.

Mbili, meseji ya kawaida itangulie, waraka ufuate. Meseji ya maneno 30 inayofika hata kwenye kitochi iseme kuna nini, ufanye nini leo, na umuulize nani. Anayetaka maelezo marefu atayatafuta akipata mtandao. Na iwe kwa Kiswahili, ili daktari aweze kumsomea tabibu na muuguzi kama ilivyo.

Tatu, kila wilaya iwe na mtu wa kuulizwa. Mwanachama mmoja Muleba na mmoja Bukoba, wanaojulikana kwa jina na namba, wakusanye maswali ya wenzao na kuyapeleka ngazi ya kanda. Katibu wa chama cha msingi anaifanya kazi hiyo kwa wakulima kila msimu.

Nne, kila swali lipewe siku ya kujibiwa. Hata jibu la "bado tunalifuatilia" ni jibu. Mtu akijua ameandikwa mahali, hakati tamaa.

Tano, kundi la matangazo litenganishwe na kundi la mazungumzo. Kwenye la matangazo waandike viongozi tu, na ujumbe uwe na tarehe na jina la aliyeutoa. Harusi na mpira viende kundi lingine.

Sita, mikutano isiwe ya Dar es Salaam na Dodoma peke yake. Safari ya kutoka Muleba kwenda mkutanoni ni nauli, malazi na siku kadhaa za kuacha kituo. Penye daktari mmoja au wawili, kuondoka kwake ni wodi kubaki wazi. Kikao cha wilaya cha nusu siku, au kushiriki kwa simu, kitawapa sauti wale ambao leo hawasikiki.

Siri ya mgonjwa ibaki siri

Mawasiliano yakirahisishwa, kuna hatari moja ya kuangaliwa. Daktari akitaka ushauri anaweza kupiga picha kidonda au cheti cha vipimo na kukituma kwenye kundi. Jina likionekana, siri ya mgonjwa imekwenda kwa mamia ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Ushauri unaweza kuombwa bila kutaja jina, bila kuonyesha sura na bila kutaja kijiji. Katika vijiji vyetu, ambako kila mtu anamjua mwenzake, hata kusema "mke wa mvuvi fulani wa mwaloni" ni kutaja jina.

Na wewe msikilizaji?

Huwezi kuingia kwenye kikao cha madaktari, lakini mwisho wa njia hii una sehemu yako.

Ukiona ugonjwa usio wa kawaida nyumbani au mwaloni, hasa homa inayokwenda na kutokwa damu, au watu kadhaa wa nyumba moja kuugua kwa mfululizo, usisubiri. Mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nenda kituoni, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Daktari hawezi kupeleka juu habari ambayo wewe hukumpa.

Unapoeleza dalili, taja pia ulikotoka na uliyekuwa naye. Habari ya safari ya kisiwani ni muhimu sawa na joto la mwili.

Ukipokea sauti au maandishi yanayosema "ujumbe kutoka kwa madaktari", tazama tarehe na jina la aliyeutoa kabla ya kuurusha kwa wengine. Visipokuwapo, usiusambaze.

Usipohudumiwa ipasavyo, anza na mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya afya ya kituo chenu, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Lalamiko zito dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari, wala si MAT. Sasa unajua tofauti yake.

Mwisho, kamati ya afya ya kijiji chako ikikutana, uliza swali moja: kukitokea hatari usiku wa leo, zahanati yetu itajulishwa na nani, kwa namba ipi? Kama hakuna anayejua jibu, hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao.